Hii Itapita?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanahabari wenzangu, na ninyi vijana mnaojiandaa kuingia katika kazi hii: shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Nimepewa mada ndefu: kampuni kubwa zinapovimiliki vyombo vya habari, demokrasia inapata nini na inapoteza nini. Mimi nitaianza kwa maneno mawili tu. "Hii itapita?" Aliyewahi kukaa kwenye chumba cha habari ameyasikia, na pengine ameyasema mwenyewe. Mwandishi ana wazo la stori, anasogea mezani kwa mhariri, anainama kidogo, anauliza kwa sauti ya chini: hii itapita? Haulizi kama ni kweli, hilo analijua. Haulizi kama ina faida kwa wasomaji, hilo nalo analijua. Anauliza kama kuna mtu huko juu, ambaye hayupo chumbani na pengine hajawahi kukanyaga hapo, atakayekunja uso.

Niliulizwa swali hilo siku moja nikiwa mhariri msaidizi. Kijana mmoja aliniletea stori ya wafanyakazi watatu waliokatwa vidole kiwandani, na mashine moja ile ile, katika muda wa miezi mitano. Alikuwa na nakala ya barua ambayo fundi aliwaandikia wakubwa wake kabla ya ajali ya kwanza, akiwaeleza kwamba kifuniko cha mashine kimevunjika na watu wanaifanyia kazi ikiwa wazi. Alikuwa na karatasi za hospitali. Alikuwa na picha ya mkono wa mzee mmoja umelazwa juu ya meza, vidole viwili vimebaki na gumba. Alikitafuta kiwanda, akakipa nafasi ya kujibu, nacho kikajibu kwa maandishi. Kwa vipimo vyote tunavyowafundisha ninyi vijana, stori ilikuwa imeiva.

Kiwanda kile na gazeti letu vilikuwa na mwenye mmoja. Usingelijua hilo kwa kusoma kibao cha mlangoni. Gazeti lilikuwa la kampuni fulani, kampuni ile ilikuwa na kampuni mama, na kampuni mama nayo ilikuwa na mama yake. Huko juu kwa bibi ndiko tulikokutana na kiwanda.

Niliipeleka stori kwa mhariri mkuu. Aliisoma yote mpaka mwisho, na namheshimu kwa hilo. Akavua miwani, akafikicha macho, akasema: "Kazi nzuri sana hii. Ipumzishe kidogo."

Imepumzika mpaka leo.

Naomba mlitazame jambo hili kwa utulivu. Mwenye gazeti hakupiga simu. Naamini hata hakupata kujua kwamba stori ile ilikuwepo. Hakuna aliyetishwa, hakuna aliyehongwa, na gazeti la kesho yake halikuwa na uongo hata mstari mmoja. Yule kijana hakuniletea tena stori ya kiwanda chochote. Alihamia dawati la michezo, akawa hodari sana huko.

Watu wakizungumzia umiliki wa vyombo vya habari hukimbilia kutafuta uongo: nani alipotosha, nani alipindisha. Uongo upo, na unaumiza. Lakini uongo unaweza kukamatwa, kwa sababu umeandikwa na uko mbele ya macho. Mwaka 2023 kampuni ya Fox ilikubali kuilipa Dominion, watengenezaji wa mashine za kupigia kura, dola milioni 787.5 kwa sababu ya mambo yaliyotangazwa kwenye chaneli yake baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2020. Waliyoyasema yalikuwa yamerekodiwa, wakashikwa nayo. Stori yangu ya vidole nani angeishtaki? Mpiga kura hawezi kudai asichojua kwamba kilikuwepo. Ndiyo maana nasema umiliki unapimwa zaidi kwa habari ambazo hazikuandikwa, na hizo hazina kumbukumbu mahali popote isipokuwa vichwani mwa watu kama mimi.

Wazee walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Chumba cha habari hujifunza kuubusu bila kufundishwa. Mwenye mali anachagua mkurugenzi, mkurugenzi anachagua mhariri mkuu, mhariri mkuu anajua aliajiriwa kwa tabia gani. Bajeti inapita mikononi mwao. Anayeleta stori zisizo na shida anapandishwa, anayeleta shida anahamishiwa toleo la wikendi. Baada ya miaka mitano hakuna haja ya kumkataza mtu kitu, kila mmoja ana mchujo wake kichwani.

Sasa nitoke kwenye meza yangu ndogo.

Twende Italia, maana kule mambo yalifanyika mchana kweupe. Oktoba 1984, mahakimu wa Roma, Torino na Pescara waliagiza matangazo ya chaneli za tajiri Silvio Berlusconi yazimwe katika maeneo yao. Sheria wakati huo iliruhusu televisheni binafsi zitangaze kila moja katika eneo lake tu, na yeye alikuwa akirusha vipindi vile vile kwa wakati mmoja nchi nzima. Siku chache tu baadaye, Waziri Mkuu Bettino Craxi, rafiki yake, akatoa amri ya serikali ya kuziwasha tena. Mwaka 1990 ikaja sheria iliyohalalisha chaneli zake zote tatu za kitaifa. Mawaziri watano walijiuzulu kwa kuipinga. Mmoja wao alikuwa waziri wa elimu, Sergio Mattarella, ambaye miaka 25 baadaye akawa rais wa nchi hiyo. Huwa namtaja kila nipatapo nafasi, kwa sababu tunasahau kwamba kuna watu waliowahi kuacha uwaziri kwa ajili ya jambo hili.

Januari 1994 Berlusconi akatangaza kuingia katika siasa. Alirekodi hotuba yake mwenyewe, kaseti ikapelekwa kwenye vituo vya televisheni, na miezi miwili baadaye akashinda uchaguzi. Juni 1995 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama apunguziwe idadi ya chaneli. Wengi wakasema hapana. Wana haki yao, na mimi siwadharau wapiga kura. Nauliza tu: mabishano juu ya swali hilo waliyatazama wapi? Kwa sehemu kubwa waliyatazama kwenye chaneli zile zile zilizokuwa zinajadiliwa. Mshtakiwa ndiye aliyeshika kipaza sauti cha mahakama.

Kisha, akiwa Waziri Mkuu kwa mara nyingine, Aprili 2002, akiwa ziarani Sofia, Bulgaria, aliwataja kwa majina watu watatu wa televisheni ya taifa, RAI: Enzo Biagi, Michele Santoro na Daniele Luttazzi. Alisema wametumia televisheni ya umma vibaya. Haukupita muda mrefu, wote watatu wakatoweka kwenye skrini za RAI. Biagi alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, mwandishi aliyeheshimiwa na vizazi vitatu. Hapa kuna jambo ambalo wanaotetea soko hawapendi kulitazama. Tunaambiwa televisheni binafsi ni kinga dhidi ya ile ya serikali, na ya serikali ni kinga dhidi ya ile ya binafsi. Mtu mmoja akizishika zote mbili, kinga zote mbili zimekwisha siku moja.

Hungaria walikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 8 Oktoba 2016 wafanyakazi wa Népszabadság, gazeti kubwa la upinzani, waliamka na kukuta gazeti lao limesimamishwa. Barua zililetwa majumbani na matarishi. Wenye gazeti walisema lilikuwa linaleta hasara, na kweli magazeti mengi huleta hasara. Wiki chache baadaye kampuni iliyolichapisha ikauzwa kwa watu wa karibu na chama tawala. Novemba 2018 ikafuata ajabu ambayo mimi sijaona mfano wake: matajiri waliokuwa wanamiliki zaidi ya vyombo 400 vya habari, magazeti, redio, tovuti, walivitoa bure, kama sadaka, kwa taasisi moja iitwayo KESMA. Serikali ikatangaza kwamba muungano huo ni wa manufaa makubwa ya taifa, kwa hiyo hauna haja ya kuchunguzwa na mamlaka ya ushindani. Mfanyabiashara gani anagawa mali yake bure? Anayejua kwamba faida yake haitoki kwenye gazeti. Inatoka kwenye zabuni za barabara na majengo ya serikali. Gazeti kwake ni ada tu ya kuingilia.

Mtaniambia hizo ni nchi zenye mkono wa mwanasiasa. Basi tuangalie mahali ambapo hapakuwa na mwanasiasa yeyote, palikuwa na hesabu za biashara tu.

Mji wa Minot uko kaskazini mwa Marekani, katika jimbo la North Dakota. Tarehe 18 Januari 2002, saa saba na dakika 37 usiku, treni ya mizigo iliacha reli nje kidogo ya mji. Mabehewa 31 yalianguka. Matangi matano ya amonia yakapasuka. Amonia ni gesi inayounguza macho na mapafu, na usiku ule wa majira ya baridi kali wingu lake lilijikokota chini chini kuelekea kwenye nyumba za watu. Umeme ulikatika katika sehemu ya mji. Watu waliamka wakikohoa gizani bila kujua watoke nje au wajifungie ndani, na tofauti ya maamuzi hayo mawili ilikuwa kubwa: mtu mmoja alikufa baada ya kutoka, na mamia wakahitaji matibabu.

Mtu akiwa gizani saa nane usiku anafanya nini? Anawasha redio ya betri. Mji ulikuwa na vituo sita vya redio za biashara, na vyote sita vilikuwa vya kampuni moja, Clear Channel. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua mlango huo. Kabla yake kampuni moja haikuweza kumiliki zaidi ya vituo 40 vya redio nchi nzima. Baada yake kikomo cha kitaifa kiliondolewa, na Clear Channel ikafika kwenye vituo kama 1,200. Kampuni yenye vituo sita katika mji mmoja haihitaji watangazaji sita usiku, wala mmoja hahitajiki sana: kompyuta inacheza nyimbo. Polisi walipiga simu kwenye kituo kilichoteuliwa kwa tahadhari. Hawakumpata mtu. Redio iliendelea kupiga muziki.

Niwe mwadilifu. Kampuni ilijitetea kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mtambo wa tahadhari, ambao ungeweza kuingia hewani wenyewe. Ubishi huo haujaisha. Lakini mimi naona hata wakisema kweli, swali langu linabaki: katika vituo sita, kwa nini tulihitaji mtambo? Binadamu mmoja aliyekaa macho angenusa hewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha usiku ule kilikuwa na mshindo wa kukohoa.

Hakuna aliyekusudia ubaya Minot. Nimerudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu hiyo. Watu wengi wanafikiri hatari ya umiliki ni tajiri mwovu mwenye ajenda. Huko hakukuwa na ajenda, kulikuwa na jedwali la gharama, na mshahara wa mtangazaji wa usiku ulikuwa mstari mmojawapo uliofutwa.

Mistari ya namna hiyo inafutwa kila mahali. Karibu na Los Angeles kuna mji mdogo uitwao Bell, wa watu wasiozidi 40,000, wengi wao wa kipato cha chini. Julai 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times walifichua kwamba mtendaji wa mji huo alikuwa analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa rais wa Marekani. Madiwani wake, kwa kazi ya muda mfupi mfupi, walikuwa wanachukua karibu dola 100,000 kila mmoja. Ulikuwa ushindi wa uandishi, na ulipata tuzo ya Pulitzer. Mimi hufikiria ile miaka ya kabla. Mishahara ile haikufika huko kwa siku moja. Ilipanda kidogo kidogo, kikao baada ya kikao, na vikao vilikuwa wazi kwa umma. Benchi la waandishi lilikuwa tupu. Mwandishi wa kudumu wa vikao vya mji mdogo ni gharama isiyoleta pesa: anakaa saa tatu, anaandika aya nne kuhusu mabomba ya maji. Lakini akiwepo pale na daftari lake, hata kama anasinzia, diwani anafikiri mara mbili kabla ya kunyoosha mkono.

Mwaka 2021 mfuko wa uwekezaji uitwao Alden Global Capital ulinunua kampuni ya Tribune, yenye magazeti kama Chicago Tribune, kwa dola milioni 633. Mtindo wa mfuko huo unajulikana: punguza waandishi, uza majengo, pandisha bei ya gazeti, chukua faida. Msomaji mwaminifu, mara nyingi mzee, ataendelea kulipa kwa muda kabla hajagundua kwamba ndani hamna kitu. Huko Denver wahariri walikataa kunyamaza. Aprili 2018 ukurasa wa maoni wa Denver Post, gazeti la Alden hiyo hiyo, ulimshambulia mwenye gazeti waziwazi, ukataka aliuze kwa mtu atakayelitunza. Walichapisha picha ya zamani ya wafanyakazi wote, na wale ambao hawapo tena wakaonyeshwa kama vivuli vyeusi. Vivuli vilikuwa vingi kuliko watu. Mwezi uliofuata mhariri wa ukurasa ule, Chuck Plunkett, alijiuzulu baada ya kukataliwa kuchapisha maoni mengine kama hayo. Nafsi yangu humkumbuka huyo nikikumbuka mimi niliyeambiwa niipumzishe stori, nikaipumzisha.

Mbinu nyingine inayopaswa kutushtua ni sauti moja kuvaa nyuso nyingi. Mtu humwamini mtangazaji wa televisheni ya kwao. Amemwona miaka mingi akisoma habari za mvua na shule, anamwona kama jirani. Mwaka 2018 kampuni ya Sinclair, iliyokuwa na vituo zaidi ya 170 katika Marekani, iliwapa watangazaji wa vituo vyake maneno ya kusoma kuhusu habari za uongo. Mtu mmoja aliunganisha video zao kwenye skrini moja. Makumi ya nyuso, wanaume kwa wanawake, wanasema sentensi zile zile, neno kwa neno: "Jambo hili ni hatari mno kwa demokrasia yetu." Watafiti wawili walichunguza vituo vilivyonunuliwa na kampuni hiyo mwaka 2017. Walikuta habari za mahali vilipo zimepungua, siasa za kitaifa zimeongezeka, na msimamo umesogea upande wa kulia. Watazamaji wengi hawakuhama. Jirani yao alikuwa bado yuko kwenye kioo, ila kinywa kilikuwa cha mtu mwingine.

Kampuni hiyo hiyo, Aprili 2004, ilivizuia vituo vyake vilivyokuwa vinarusha vipindi vya ABC visirushe kipindi cha Nightline ambamo mtangazaji Ted Koppel alisoma majina ya askari wa Marekani waliouawa Iraq, zaidi ya 700. Ilisema kipindi hicho kilikuwa cha kisiasa. Seneta John McCain, mwenyewe mtetezi wa vita ile na mfungwa wa zamani wa Vietnam, aliwaandikia barua ya kulaani uamuzi huo. Majina ya marehemu tu, jamani. Katika miji ile, mama alitaka kusikia jina la mwanawe likisomwa, na mtu wa ofisini, mbali, akaamua hapana.

Najua linalokuja kwenye maswali, basi nilitangulie. Mtasema: kuna wamiliki wema. Kweli. Mwaka 1971 Katharine Graham aliruhusu Washington Post ichapishe nyaraka za siri za vita vya Vietnam katika wiki ile ile ambayo kampuni yake ilikuwa inauza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza. Wakati wa Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon madarakani, leseni za vituo vyake vya televisheni huko Florida zilipingwa na watu wa karibu na Nixon huyo, na bei ya hisa ikaporomoka kwa zaidi ya nusu. Alisimama. Namvulia kofia. Lakini tazameni pale alipobanwa. Hawakumbana kwenye gazeti, walimbana kwenye mali nyingine. Kila biashara ya pili anayokuwa nayo mwenye gazeti ni sikio la kushikwa.

Gazeti hilo hilo lilinunuliwa na Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, mwaka 2013 kwa dola milioni 250. Mwanzoni aliongeza waandishi, na haki yake tumpe. Oktoba 2024, siku 11 kabla ya uchaguzi wa rais, ikatangazwa kwamba gazeti halitamuunga mkono mgombea yeyote. Bodi ya wahariri ilikuwa tayari imeandika rasimu ya kumuunga mkono Kamala Harris. Wasomaji zaidi ya 200,000 walifuta usajili wao. Bezos alieleza kwamba alitaka kurudisha imani ya wasomaji na kwamba hakukuwa na makubaliano yoyote na mtu. Inawezekana. Shida ni kwamba mtu huyo ana kampuni inayoiuzia serikali huduma za kompyuta na nyingine inayoiuzia safari za roketi, na msomaji hana njia ya kuingia moyoni mwake. Wema wa mmiliki ni kama mvua: tunaushukuru ukija, lakini hatuwezi kuujengea katiba.

Wengine watasema intaneti imemaliza tatizo, kila mtu sasa ana chombo chake. Natamani ingekuwa hivyo. Februari 2021, Facebook ilipogombana na serikali ya Australia kuhusu kulipia habari, ilizifunga kurasa za habari nchi nzima, na katika kufunga huko zikafungika kurasa za idara za afya na za zimamoto. Agosti 2023 moto wa msituni uliukaribia mji wa Yellowknife, Kanada, na watu kama 20,000 wakaambiwa wahame. Mwezi huo huo Meta, kampuni mama ya Facebook, ilikuwa imeanza kuzuia habari zote kwenye Facebook na Instagram nchini humo, kwa sababu ya sheria mpya ya kuilipisha. Watu walikuwa wanapiga picha skrini za simu zao ili kupitisha habari ya barabara ipi iko wazi na ipi imefungwa. Mnaona? Ni Minot tena, na safari hii mwenye mtambo hana hata kituo katika mji huo.

Kwa hiyo tufanye nini? Mimi si mwanasheria. Ninayoyaona ni machache. La kwanza kwangu ni kumjua mwenye chombo: si jina la kampuni, jina la mtu, mpaka huko kwa bibi, pamoja na zabuni anazopata kwa serikali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya uhuru wa vyombo vya habari ya mwaka 2024 inalazimisha jambo la namna hiyo, na haijamfilisi mtu. Pia kuna njia za kumiliki gazeti bila kulitolea gawio. Tangu 1936 gazeti la Guardian la Uingereza liliwekwa chini ya amana, Scott Trust, ili lisiuzwe kwa bei wala lisiamriwe na mrithi. Halijawa gazeti la malaika, na pesa linazihangaikia kama wengine, lakini mwandishi wake akiuliza "hii itapita?" hana kiwanda cha kukifikiria.

Na kikomo cha umiliki kinafaa kupiganiwa hata na watu wasiopendana. Juni 2003 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipiga kura 3 kwa 2 kulegeza masharti, ili kampuni moja katika mji mkubwa iweze kuwa na gazeti, vituo vitatu vya televisheni na vinane vya redio. Maoni ya wananchi yalimiminika kwa mamia ya maelfu, karibu yote ya kupinga. Chama cha wenye bunduki, NRA, kilisimama upande mmoja na wanaharakati wa mrengo wa kushoto, kila mmoja akihofia kwamba siku moja sauti yake ndiyo itakayonyimwa. Mahakama ya rufaa ikauzuia uamuzi ule. Ulikuwa ushindi wa miaka mingi, haukuwa wa milele: Aprili 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliiruhusu tume kulegeza tena, majaji wote tisa kwa kauli moja. Penye wengi pana mengi, na ndiyo maana kila kizazi kina watu wanaotaka wachache.

Vijana, mimi siwaambii mkaache kazi siku ya kwanza mtakapoambiwa mpumzishe stori. Mna wazazi wa kuwatunza. Nawaomba mweke daftari. Andikeni tarehe, andikeni stori ipi, nani alisema nini, na kwa maneno gani. Hakuna mwingine atakayeiandika historia hiyo.

La kwangu nimelihifadhi, na lina jambo moja ambalo sikuwaeleza. Wiki tatu baada ya stori ile kupumzishwa, mlinzi alinipigia simu nishuke mapokezi, kuna mgeni. Nilimtambua kwa mkono. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake magazeti yetu yamekunjwa vizuri, ya kila siku tangu siku aliyohojiwa. Alinisalimu kwa heshima, mtu mkubwa kwangu kwa umri. Akasema alikuwa ameyasoma yote, ila Jumapili moja alichelewa na nakala zikaisha, na alitaka kuniuliza kama habari yake ilitoka Jumapili ile.

Nilimwambia haijatoka, baba. Akauliza itatoka lini.

Nikamwambia imepumzishwa kidogo.